Je, niachane na dalali niuze mwenyewe?

Swali: "Mimi ni mkulima na mfugaji mdogo. Nina ekari 2 za vitunguu, ekari 3 za mahindi, pamoja na mbuzi na ng'ombe kadhaa. Kila msimu madalali wanakuja hadi shambani na kununua kwa bei wanayoitaka wao. Nikipiga simu sokoni nasikia bei ni karibu mara mbili. Nimechoka kuwatajirisha. Nataka niuze mwenyewe, na mke wangu anashauri tukope tununue gari dogo la mizigo. Pia nimealikwa kwenye mafunzo ya biashara na masoko kwa wakulima. Yanasaidia kweli, au nitapoteza siku zangu bure?"

Jibu: Ndugu yangu, nianze na jibu fupi kwa kuwa msimu haungoji mtu. Gari msikope kwanza. Dalali wa vitunguu usimfukuze mwaka huu, ila akitaka mzigo wako anunue kwa kilo. Kwenye mifugo ndiko ninakoshuku unapoteza fedha nyingi zaidi, na hukuniuliza habari zake hata kidogo. Mahindi yana hesabu yake tofauti. Sasa nieleze kwa nini, na kalamu uwe nayo karibu. Namba nitakazotumia ni za mfano tu na hazina sarafu. Wewe weka za kwako.

Tuchukue gunia la vitunguu. Sokoni linauzwa 100, shambani dalali anakupa 52. Katikati kuna 48, na wewe unaiona hiyo 48 yote imeingia mfukoni mwake. Hebu tuifuate inakokwenda. Gunia tupu, kamba, vibarua wa kupakia na wa kushusha: 7. Nauli ya lori: 15. Ushuru wa soko: 3. Vitunguu vitakavyooza, vitakavyopungua uzito na vitakavyochomolewa njiani: 8. Chakula, malazi na simu za mtu anayesafiri na mzigo: 4. Jumla 37. Kinachobaki ni 11, na hiyo ndiyo unayogombea, siyo 48.

Na hiyo 11 yenyewe haina uhakika. Ukifika alfajiri ukakuta malori mengine yamekutangulia na bei imeshuka kutoka 100 hadi 85, umerudi nyumbani na 48 kwa gunia, yaani umezidiwa na yule aliyemuuzia dalali palepale shambani. Dalali naye hupigwa siku kama hiyo, ila yeye ana safari nyingi kwa mwaka. Siku mbaya hufidiwa na nzuri. Wewe una mavuno moja au mawili. Tena yeye hujaza lori zima kwa kukusanya mashamba kadhaa, kwa hiyo nauli na malazi yake yanagawanywa kwa magunia mengi. Ukienda na magunia 15, ile 4 ya chakula na malazi inaweza kugeuka 10 bila wewe kula anasa yoyote. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshafika: katika masoko mengi ya jumla mgeni hauzi mwenyewe. Anapangiwa mtu wa kumuuzia, naye anakata kamisheni. Umemkimbia dalali wa shambani ukaangukia kwa dalali wa sokoni, ambaye hakujui na hana sababu ya kukuona tena.

Sisemi madalali ni watu wema. Wapo wanaonyonya, na kuna namna mbili za kuwatambua.

Ya kwanza ni vipimo. Mmekubaliana bei ya gunia la kilo 100, kisha gunia linashindiliwa, linawekewa kilemba cha nyavu juu, linafika kilo 120. Kwa bei ya 52, kilo yako ilipaswa kuwa 0.52, sasa ni 0.43. Umepunguziwa bei kwa karibu asilimia 17 na hakuna aliyetamka neno "punguza". Lumbesa ndiyo majadiliano ya bei yenyewe, yanafanyika kwa mikono ya wapakiaji wakati wewe unaandaa chai. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 100 au zaidi mnaweza kuichangia watu watano, na ni kifaa kinachorudisha gharama yake upesi kuliko gari lolote.

Ya pili ni mkopo. Kama dalali alikupa mbegu na mbolea wakati wa kupanda kwa sharti la kumuuzia yeye, basi hapo kuna biashara mbili zilizofungwa pamoja, na moja haionekani. Tuseme alikupa pembejeo za thamani ya 300. Mavuno yakifika unamrudishia 300 yake, na juu ya hapo unampa magunia 20 kwa bei iliyo chini kwa 8 kuliko wanunuzi wengine. Mara 20, hiyo ni 160. Mkopo wa 300 kwa miezi minne umekugharimu 160. Hata wakopeshaji wa mtaani wenye sifa mbaya wangeona haya kidogo. Ukijikuta hapo, tafuta mtaji wa pembejeo mahali pengine, iwe kikundi cha kuweka na kukopa au mbuzi wawili utakaouza mapema. Suala la gari halihusiki.

Ukishajua kazi zilizomo ndani ya ile 48, swali linakuwa rahisi: ipi kati yake unaweza kuifanya kwa gharama ndogo kuliko yeye? Usafirishaji, hapana. Kujua soko la leo limeelekea wapi, kidogo. Kukausha na kupanga madaraja, bila shaka, kwa sababu mzigo uko kwako na nguvu kazi iko kwako. Kitunguu kilichong'olewa leo na kuuzwa kesho shingo yake bado mbichi, na ndipo uozo unapoingilia. Kikikaa kivulini penye hewa wiki moja hadi mbili, shingo ikakauka na kufunga, ganda la nje likawa linatoa sauti ukilishika, kinasafiri vizuri na mnunuzi haweki tena ile 8 ya kuoza kwenye hesabu yake. Kisha tenga vikubwa, vya kati na vidogo. Ukivichanganya, mnunuzi atakulipa bei ya vidogo na kuuza vikubwa kwa bei ya vikubwa. Daraja la kwanza, pengine gunia 10 kati ya 60, tafutia wateja wa moja kwa moja: shule, hoteli, duka linalohitaji mzigo uleule kila wiki. Hao waulize mapema wanataka ukubwa gani, siku gani, na wanalipa baada ya muda gani. Swali la mwisho ndilo muhimu. Mteja anayelipa 70 baada ya miezi miwili si lazima awe bora kuliko anayelipa 60 leo, hasa kama wewe mwenyewe unadaiwa.

Kuhusu kupiga picha za vitunguu na kuziweka mitandaoni, fanya ukipenda. Inasaidia kumkumbusha mteja aliyekwisha kununua. Ni nadra kumleta mnunuzi wa magunia 40.

Sasa nikuulize mimi: gunia lako moja linakugharimu kiasi gani kulizalisha? Sioni namba hiyo kwenye barua yako, na bila hiyo huwezi kujua kama 52 ni wizi au ni faida. Tuseme mbegu, mbolea, dawa, maji, vibarua, na siku zako na za shemeji mlizoshinda shambani vinafika 1,800. Ukivuna magunia 60, kila moja limekugharimu 30. Kwa bei ya 52 unabaki na 22, jumla 1,320. Ukivuna 40 kwa gharama ileile, kila moja ni 45. Unabaki na 7, jumla 280. Angalia tofauti hiyo kisha irudie ile 11 ya dalali. Mara nyingi mkulima anayelalamikia bei ana tatizo lililoanzia kwenye nafasi kati ya miche au kwenye maji ya wiki ya sita, na hakuna soko litakalomrudishia. Masoko na kilimo havitengani kama watu wanavyovitenga kwenye semina.

Ndiyo maana nasisitiza daftari. Najua kila mtaalamu analiimba hili hadi linachosha, na najua wengi huanza kwa bidii Januari na kuacha Machi kwa sababu walitaka kuandika kila kitu. Usiandike kila kitu. Gawa daftari sehemu tatu: vitunguu, mahindi, mifugo. Fedha ikitoka, jiulize imetoka kwa ajili ya ipi kati ya tatu, uandike hapo. Dawa ya minyoo ya ng'ombe iliyonunuliwa kwa fedha za vitunguu iandikwe kwa ng'ombe. Familia nyingi zikifanya hivi kwa msimu mmoja zinagundua kwamba zao wanalojivunia linalishwa na lile wasilolijali. Siku za kazi za watu wa nyumbani nazo ziandikwe, kwa ujira ambao kibarua angelipwa. La sivyo kila kitu kitaonekana kina faida.

Tuje kwenye mifugo. Hapa mnunuzi anakuja, anamzunguka dume, anampapasa mgongo na paja, anataja bei. Amefanya hivyo maelfu ya mara. Wewe unauza wanyama watatu au wanne kwa mwaka. Macho yake ni mizani na yako siyo. Lakini kamba ya kupimia ya fundi cherehani inaweza kupunguza pengo hilo. Pima mzunguko wa kifua cha mnyama, nyuma tu ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Pima urefu wa mwili kuanzia ncha ya bega hadi mfupa wa makalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,840. Dume lenye mzunguko wa 150 na urefu wa 120 linakupa: 150 mara 150 ni 22,500, mara 120 ni 2,700,000, gawanya, unapata kama kilo 249. Ni makadirio, yanaweza kukosea kidogo, ila hutauza tena kwa kubahatisha.

Endelea mbele. Ng'ombe akichinjwa, mzoga wake kwa kawaida ni karibu nusu ya uzito wa hai. Mbuzi huwa chini kidogo. Chukua asilimia 50: dume lako lina mzoga wa kilo 125 hivi. Kama bucha inauza kilo kwa 10, pale kuna 1,250, mbali na ngozi, kichwa, miguu na utumbo. Mnunuzi akikuambia 700, sasa unajua mazungumzo yanahusu nini. Toa nauli, machinjio, kibali, faida ya bucha na faida yake, uone kama 700 inakaa sawa au anakufanyia mzaha. Mazungumzo yenyewe hubadilika sauti. Anapokuambia, "Huyu hana nyama, mzee," unamjibu, "Ana kilo mia mbili na arobaini na kitu, nimempima jana, kamba ile pale. Wewe unanunua kilo kwa ngapi?" Wengine watacheka. Mwenye nia atapima.

Jambo lingine dogo linaloumiza: mnyama akitembezwa umbali mrefu bila maji wala malisho, uzito wake unashuka, na kwa safari ndefu upungufu wa asilimia 5 hadi 10 si wa ajabu. Kama mnauziana kwa mizani, ulizeni mapema atapimwa wapi, kabla ya safari au baada. Kilo 249 zikipungua kwa asilimia 8, zimeondoka kilo 20. Huyo ni mbuzi mdogo mzima.

Lakini kasoro kubwa ya wafugaji wengi ni wakati wa kuuza. Ng'ombe anauzwa siku ada ya shule inapodaiwa au mgonjwa anapolazwa, na mnunuzi huisikia shida hiyo kabla hujamfungulia lango. Panga mauzo yako mwanzoni mwa mwaka: nani ataondoka, mwezi gani. Waondoke kabla kiangazi hakijawakondesha, maana mnyama mmoja anayeuzwa akiwa na nyama Juni ana thamani kuliko yuleyule mwenye mbavu za kuhesabika Septemba, hata kama miezi ya kwenu inapishana na hii. Na jike lisilozaa kwa misimu miwili halina sababu ya kula malisho ya wenzake, hata kama ulipewa na marehemu baba. Hili wafugaji hawapendi kulisikia.

Mahindi nitapita haraka kidogo. Hapa suala ni kusubiri, kwa kuwa bei ya mavuno karibu kila mahali ndiyo ya chini kuliko zote. Ila kusubiri kuna gharama zake. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 yakikaushwa hadi 13, kila kilo 100 zinabaki 92. Kwa hiyo bei inapaswa kupanda kwa karibu asilimia 9 ndipo uwe palepale ulipokuwa siku ya kuvuna, kabla hujahesabu mifuko na wadudu. Ukiyahifadhi mabichi, yanaota ukungu, na baadhi ya ukungu huo ndio unaotoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa na inafanya mnunuzi makini akukatalie mzigo. Mifuko isiyopitisha hewa ni msaada mkubwa: wazo hilo lilifanyiwa kazi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue pamoja na wenzao wa Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde. Wadudu humaliza hewa ya ndani na kufa bila dawa yoyote. Uza sehemu ya kulipia madeni yako, hifadhi iliyobaki, na weka tangu sasa bei ambayo ukiifikia utauza. Mtu asiye na bei hiyo kichwani hungoja, bei hupanda, huingoja ipande zaidi, na siku mahindi ya msimu mpya yakiingia anauza kwa hasara.

Umeandika pia, pembeni kabisa mwa barua, kwamba vitunguu vilipanda sana mwaka jana na unafikiria kuongeza ekari. Majirani zako nao wameiona bei hiyohiyo. Mwaka 1928 mchumi wa Kijerumani, Arthur Hanau, alichunguza bei za nguruwe na kuonyesha mzunguko huo: bei nzuri huwafanya wafugaji wote kuzalisha kwa pamoja, mzigo unafika sokoni kwa wakati mmoja, bei inaanguka, wengi wanaacha, kisha inapanda tena. Vitunguu havina tofauti. Kabla ya kuongeza ekari, nenda kwa muuza mbegu umuulize kwa utani kama biashara yake mwaka huu ni nzuri. Akisema mbegu zimekwisha, baki na ekari zako 2.

Kuuza kwa pamoja na majirani kunaweza kukupa baadhi ya faida za dalali, hasa kujaza lori. Wakulima wa Hjedding, Denmark, walianzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika mwaka 1882, na mtindo huo ukaenea nchi nzima. Ila vikundi vingi hufia mahali pamoja: mwenye mzigo mzuri na mwenye mzigo mbovu wanalipwa sawa, basi mwenye mzuri anaondoka. Kwenye maziwa tatizo hilo lilipata dawa mwaka 1890, Stephen Babcock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alipotoa kipimo rahisi cha mafuta ya maziwa. Aliyetia maji akaanza kulipwa kama aliyetia maji. Kwa hiyo mkiungana, anzeni na watu watano mnaojuana, kila gunia liwe na alama ya mwenyewe, na mmoja wenu mkali aliyekubalika awe na haki ya kukataa mzigo, hata wa mwenyekiti.

Mafunzo, basi. Nenda, lakini muulize anayekualika mambo mawili. Je, nije na namba zangu tuzifanyie hesabu humohumo? Na je, mtarudi kutuona baada ya mavuno? Akisema ndiyo kwa yote mawili, nenda na shemeji, maana nimeona mara nyingi mume akihudhuria ilhali anayeshika fedha na kukumbuka madeni ni mke. Akikuambia ni siku moja, na mada ni "badilisha mtazamo wako", utakula chakula kizuri na kurudi na kofia.

Kuhusu gari. Mazao yako yanahitaji kusafirishwa wiki chache tu kwa mwaka. Mkopo utadai kila mwezi, na bima, matairi na dereva havijui msimu. Msimu huu kodisha. Peleka magunia yako ya daraja la kwanza mara moja au mbili kwa wateja uliokwisha kukubaliana nao bei, andika kila kilichotoka, mengine muuzie dalali kwa mizani. Linganisha fedha iliyobaki kwa gunia kwa njia zote mbili. Kisha hesabu siku ambazo wewe na majirani mlihitaji gari, na mngelipa kiasi gani kwa kukodi siku hizo zote. Kama kiasi hicho kwa mwaka hakifiki marejesho ya mkopo ya mwaka pamoja na matengenezo, mwambie shemeji mngoje. Kikizidi, niandikie tena ukiwa na hesabu hizo, tuangalie gari la ukubwa gani.